Binti yangu aliniuliza mchana nimekula nini, sikukumbuka

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, ni mhasibu, nina mume na watoto wawili. Ninachokuandikia huenda utakiona kidogo, maana hata mimi nimekiona kidogo kwa miaka. Ni habari ya chakula cha mchana.

Siku yangu huwa hivi. Naamka saa kumi na moja alfajiri, natayarisha watoto, natoka nyumbani nimekunywa nusu kikombe cha chai, tena nimesimama. Saa nne napata kahawa ya kwanza na biskuti mbili tatu zilizoko kwenye droo yangu. Saa saba wenzangu wanainuka. Wanapita mezani kwangu, "Twende?", nami nawajibu, "Tangulieni, namalizia hiki kidogo." Shangazi, hicho kidogo hakijawahi kwisha. Mmoja wao huniletea chakula nami nakila palepale, kijiko mkono mmoja, kipanya mkono wa pili. Zile siku za kufunga hesabu za mwezi, chakula hufika saa saba nikakianza saa tisa, kimeshaganda.

Ikigonga saa kumi kichwa kinauma. Nina dawa za maumivu kwenye droo ileile ya biskuti. Nameza mbili kwa kahawa, kazi inaendelea. Hii hutokea karibu siku nne kila wiki. Nafika nyumbani saa mbili usiku na hapo ndipo ninapokula kwelikweli. Naanza na sufuria kabla sijaketi, napakua sahani, naongeza, kisha namalizia walichobakiza watoto. Nalala tumbo limejaa, usiku wa manane kiungulia kinaniamsha. Kwa miaka mitatu hii nimebadilisha saizi ya nguo za kazini mara mbili.

Si kwamba sijajaribu. Mwaka jana niliapa kubeba chakula kutoka nyumbani. Jumatatu mchuzi ulimwagika mkobani ukalowesha karatasi za kazi. Jumanne nilikuta foleni kwenye maikrowevu, nikarudi mezani na kopo langu la baridi. Jumatano nilibeba samaki, mwenzangu akainuka akafungua dirisha bila kusema neno, na kule kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angesema. Alhamisi nikaacha. Baadaye nikaamua nisile kabisa mchana ili nipungue. Nilimudu siku tisa. Jioni nilikuwa nawafokea watoto kwa mambo ya bure, na usiku nilikula kama mtu aliyetoka jangwani.

Halafu kuna bosi. Si mtu mbaya. Lakini yeye mwenyewe hula mezani kwake, na siku moja, zamani kidogo, aliniona nikirudi kula na wenzangu, akaitazama saa ya ukutani. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo sijatoka tena, labda kuwe na hafla ya kumuaga mtu.

Kilichonisukuma kuandika ni binti yangu wa miaka minane. Shuleni wanafundishwa makundi ya vyakula, wakaambiwa wawaulize wazazi wao mchana wamekula nini. Akanijia na daftari na penseli. "Mama, leo mchana umekula nini?" Nikafungua kinywa, jibu sina. Nilijua nimekula, kwa sababu nakumbuka nilitupa kifungashio. Lakini nilikula nini? Nikamdanganya. Nikasema wali, maharage na mboga za majani. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, na mwalimu akampa alama ya vema. Ile alama ya vema inanisumbua mpaka leo.

Mama yangu anasema nitapata vidonda vya tumbo kwa kushinda na njaa. Mume wangu anasema nile matunda tu mchana. Rafiki yangu anasema kuruka mlo mmoja ni afya. Shangazi, nile au nisile? Nikila, nile nini ambacho hakitaniletea usingizi wala kunimwagikia mkobani? Na bosi nimwambie nini?

Mimi,
Mwenye Njaa ya Saa Kumi

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimekwama mahali ambapo wewe umepita mbio: zile dawa zinazokaa droo moja na biskuti. Naomba tuanze hapo. Chakula kitusubiri kidogo.

Siku nne kila wiki ni kama siku 16 kwa mwezi. Matabibu wa maumivu ya kichwa wana mpaka wanaoutumia: mtu akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hali hiyo ikazidi miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuwa ndizo zinazomuumiza kichwa. Wewe uko pale pale mpakani, na mguu mmoja umeshavuka. Kichwa chako cha saa kumi huenda kilianza kwa njaa, kwa kutokunywa maji na kwa macho kukikodolea kioo kutwa nzima. Leo huenda kimepata chanzo kingine, nacho kiko ndani ya droo yako.

La pili ni tumbo. Mama yako ana sababu ya kuhofu, ingawa mkosaji si yule anayemdhania. Zamani hata madaktari waliamini kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo, pilipili na kushinda na njaa. Mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren, wakafanikiwa kuotesha maabara bakteria anayeishi tumboni mwa binadamu, Helicobacter pylori, wakasema huyu ndiye. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa mwenyewe mchanganyiko wenye bakteria hao, na siku chache baadaye akaugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Sasa tunajua kwamba vidonda vingi hutokana na bakteria huyo, na sehemu kubwa ya vinavyobaki hutokana na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni, diklofenaki na asipirini. Dawa hizo, wakati zinatuliza maumivu, huzuia pia kemikali zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kuzimeza baada ya kula hupunguza kuwashwa, lakini hatari haiishi yote, kwa sababu dawa hulirudia tumbo kupitia damu.

Sasa jitazame: vidonge viwili, kahawa, tumbo tupu, siku 16 kwa mwezi, halafu kiungulia usiku. Hukunitajia jina la dawa, na bila shaka unadhani si muhimu. Ni muhimu sana. Wiki hii, kabla hujanunua chombo chochote cha kubebea chakula, nenda ukaonane na daktari. Ibebe paketi yenyewe mkononi. Mwambie idadi ya siku kama ulivyoniambia mimi, usiipunguze kwa aibu. Muulize kuhusu kipimo cha bakteria huyo, ambacho hufanywa kwa pumzi au kwa choo; akipatikana, hutibiwa kwa dawa za siku 10 hadi 14. Mwombe akupime pia sukari na wingi wa damu, maana mwanamke wa miaka 36 anayechoka kila alasiri anaweza kuwa na upungufu wa damu na asijue. Na kama umewahi kuona choo cheusi kama lami, au ukatapika kitu chenye rangi ya damu au kinachofanana na masimbi ya kahawa, usingoje miadi. Nenda siku hiyohiyo.

Nimelikalia hili kwa sababu linaniogopesha. Sasa tuje kwenye sahani.

Swali la binti yako ndilo lililonishika moyo, na nadhani yeye amegusa kiini cha mambo kuliko mumeo, rafiki yako, hata mama yako. Wao wote wanabishana juu ya ule nini. Mtoto amekuta kwamba hukumbuki ulichokula. Kula bila kukumbuka kuna gharama yake mwilini, na hili limepimwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza waliwapa watu 44 chakula kilekile cha mchana. Nusu yao walikula huku wakicheza karata za kwenye kompyuta, nusu wakala bila shughuli nyingine. Wale wa karata walisema hawajashiba sawasawa, walishindwa kukumbuka vizuri mpangilio wa walichokula, na nusu saa baadaye walipowekewa biskuti walikula nyingi kuliko wenzao. Chakula kilikuwa kilekile, mwanangu. Kilichopungua ni usikivu wao.

Mwili hauhesabu chakula kwa tumbo peke yake. Kumbukumbu ya mlo uliopita ni sehemu ya shibe. Wewe unakula macho yako yakiwa kwenye safu za tarakimu, akili inatafuta kosa la hesabu, na mlo unapita pasipo shahidi. Saa kumi ikifika, mwili unaona kama tangu asubuhi hujauletea kitu. Ndipo droo inafunguliwa. Ndipo usiku sufuria inashambuliwa kabla hujaketi. Tumekuwa tukiita hali hii ulafi, na wanawake wengi wananiandikia wakijiita hivyo. Mimi nakataa neno hilo. Wewe una njaa iliyocheleweshwa tangu alfajiri, na huo ni mpangilio mbaya wa siku unaoweza kurekebishwa.

Kwa hiyo agizo langu la kwanza halihusu chakula. Ondoka mezani. Nusu saa, kila siku ya kazi, mahali pasipo na kompyuta, simu ikiwa imelala kifudifudi au imebaki mkobani. Kwa wiki mbili za mwanzo kula chochote unachokula sasa hivi, usibadilishe hata tonge. Najua utataka kuanza na kila kitu kwa pamoja, mboga mpya, makopo mapya, uzito mpya. Ulianza hivyo mwaka jana, na Alhamisi ikakukuta umeacha. Safari hii anza na kiti.

Unaniuliza bosi umwambie nini. Kwanza tuitazame ile siku aliyoitazama saa ya ukutani. Inawezekana alikuwa na kikao. Inawezekana alikuwa amechoka. Inawezekana kweli alikuwa anakuhesabia dakika, sitakuahidi vinginevyo. Lakini wewe umeishi miaka chini ya hukumu ambayo hakuna aliyeitamka. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mwaka 1930 mkataba wake namba 30, unaohusu saa za kazi katika biashara na maofisi, lilieleza kwamba saa za kazi ni ule muda ambao mfanyakazi yuko chini ya amri ya mwajiri, na likautoa humo muda wa mapumziko ambao hayuko chini ya amri yake. Ile nusu saa ya kula basi haikuwa ya bosi hata siku hiyo alipotazama saa. Soma mkataba wako wa ajira na kanuni za ofisi yako, uone mapumziko yameandikwaje. Mara nyingi yamo, tena kwa maandishi, na watu hawajawahi kufungua ukurasa huo.

Usiende kwake kama mtu anayeomba msamaha. Usimweleze habari za tumbo lako, hazimhusu. Mwambie asubuhi, kabla ya shughuli kuchanganya: "Bosi, kuanzia leo nitakuwa natoka kula saa saba, saa saba na nusu nimerudi. Ile taarifa ya leo nitakuletea saa tisa." Basi. Sentensi ya pili ni ya lazima, kwa sababu mkubwa wa kazi hofu yake ni kazi, naye akishajua kazi itafika lini, sahani yako hana haja nayo. Kisha taarifa ifike saa tisa kweli, hasa wiki ya kwanza.

Nilipokuwa nafanya kazi ofisini, miaka mingi iliyopita, tulikuwa na mzee mmoja wa masijala. Kila siku saa saba kamili alifunika kalamu yake, akachukua kitambaa na kibakuli, akaenda kukaa kwenye dirisha la ngazi. Alikula polepole, anatazama nje. Wakubwa walipomtafuta, kila mtu alijibu, "Mzee yuko chakulani," kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Sikuwahi kumsikia akiombwa maelezo. Sisi vijana tuliokula juu ya mafaili ndio tuliokuwa tunaitwa katikati ya tonge, kwa sababu tulikuwa tumewazoesha watu kwamba tunaitika. Na wewe wenzako umewazoesha hivyo. Itachukua majuma kadhaa kuwazoesha vingine, na siku za mwanzo watakuita. Itikia ukirudi.

Kuhusu siku za kufunga hesabu. Siku hizo usiache utaratibu, ila ufupishe. Dakika 15 mbali na meza ni bora kuliko saa nzima na sahani pembeni ya kibodi. Na usile saa tisa. Kula kabla presha haijapanda, hata saa sita na nusu ikibidi.

Sasa, nile au nisile. Rafiki yako anayeruka mlo mmoja simjui, huenda anakula vizuri asubuhi na mwili wake unakubali. Wewe hukuwa unaruka mlo mmoja. Nusu kikombe cha chai si mlo, kwa hiyo ulikuwa unaruka miwili na kuiweka yote saa mbili usiku. Mwaka 2022 watafiti wa Brigham and Women's Hospital mjini Boston waliwachukua watu 16 wenye uzito mkubwa, wakawalisha milo ileile kwa ratiba mbili tofauti, moja ikiwa imesogezwa mbele kwa muda wa saa nne. Kwenye ratiba ya kuchelewa watu hao walisikia njaa zaidi, na miili yao ilitumia nishati kidogo zaidi walipokuwa macho. Chakula hakikubadilika, ni saa tu. Zile siku tisa zako hazikushindikana kwa sababu huna msimamo.

Matunda peke yake, kama anavyoshauri mumeo, yatakushibisha kwa muda mfupi na saa kumi utakuwa droo. Mlo wa mchana wa mtu anayekaa kutwa unahitaji kitu cha kukaa tumboni: maharage, dengu, mayai, kuku, nyama au mtindi, mboga nyingi kuliko ulivyozoea, na wanga kiasi, usiogope wanga, ila usiwe ndio sahani nzima. Tunda lifuate. Ule usingizi unaoulalamikia hautokani na chakula chote. Saa ya ndani ya mwili hushuka kidogo kila alasiri, hata kwa mtu ambaye hakula. Sahani kubwa ya wanga mtupu huongeza uzito juu ya mshuko huo, kukaa papo hapo baada ya kula huongeza tena. Katika nusu saa yako tumia dakika 20 kula na dakika 10 kutembea, hata kama ni kupanda na kushuka ngazi. Kutembea dakika chache baada ya kula hupunguza kupanda kwa sukari kwenye damu, na macho yako yatapata kutazama kitu kilicho mbali.

Wiki ya tatu ndipo uanze kubeba, na si kila siku. Siku mbili kwa wiki zinatosha. Usiamke mapema zaidi kupika, una saa kumi na moja tayari, nani atakuamsha saa kumi? Chakula cha kesho kitoke kwenye sufuria ya usiku, na kitengwe kabla hamjapakua. Narudia, kabla hamjapakua. Ukingoja mbaki, hakutabaki, na kitendo hicho kimoja kitapunguza pia kile unachokula usiku ukiwa umesimama.

Lakini kihifadhi vizuri, na hapa nakuomba uwe makini hasa na wali. Kuna bakteria ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani usiku kucha anazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto upya. Weka chakula kwenye chombo kipana kipoe upesi, kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili tangu kiive. Asubuhi, kama ofisini kuna friji, kibebe cha baridi na ukiweke humo ukifika. Kama hakuna, kipashe moto hadi kifuke mvuke katikati, mimina maji yanayochemka kwenye hotpoti, yaache dakika tano, yamwage, kisha utie chakula kikiwa cha moto na ufunge. Chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa vuguvugu mkobani kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba. Hotpoti inakuokoa na ile foleni ya maikrowevu pia.

Mchuzi: pika mzito, au beba siku ile vyakula vikavu. Samaki wako sikiliza. Hukufanya kosa lolote. Ila chumba kile mnakigawana watu wengi na hewa moja, na wewe sasa utakuwa unakula mbali na meza za kazi, kwa hiyo tatizo la dirisha litakuwa limekwisha lenyewe. Mkaribishe yule mwenzako siku moja. Mara nyingi anayefungua dirisha hakuwa anakufikiria wewe hata kidogo.

Asubuhi ongeza kitu. Yai la kuchemsha, kipande cha mkate, ndizi, chochote unachoweza kukila kabla ya saa tatu. Na zile biskuti zihamie mahali pengine, mbali na mkono, karanga na chupa ya maji zichukue nafasi yake. Sikukatazi biskuti. Nakataza tu zikutane na dawa.

Kahawa ya saa kumi iache, ingawa ya asubuhi sikunyang'anyi. Kwa watu wengi nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini saa tano baadaye, yaani saa tatu usiku wewe una nusu kikombe kinachofanya kazi kimyakimya. Mwaka 2013 ilipimwa kwamba dozi kubwa ya kafeini, miligramu 400, ikinywewa saa sita kabla ya kulala huweza kumpunguzia mtu zaidi ya saa moja ya usingizi. Punguza taratibu lakini, ukikata ghafla kichwa kitauma siku mbili tatu na utarudi kwenye droo.

Ukishakula mchana, chakula cha usiku kitapungua bila vita. Keti kwanza. Kula na watoto kama bado wako macho, na ujitahidi zipite saa mbili au tatu kabla hujalala, kwa ajili ya hicho kiungulia. Kwa ratiba yako najua kuna siku haitawezekana. Siku hizo kula kidogo na uinue mto.

Limebaki la binti yako. Mwambie ukweli. Mwambie siku ile hukukumbuka, ukaona aibu, ukabuni jibu. Ana miaka minane, atakuelewa vizuri kuliko unavyohofia, na hatajali alama. Kisha mwombe akuulize tena, kila jioni, na akuandikie kwenye daftari lile. Jioni utakayojibu bila kufikiri, hata kama jibu ni mkate na mayai, niandikie. Na jibu la daktari uniletee mapema zaidi ya hapo, nalisubiri.

Shangazi